Shujaa na Msimulizi Wake: Kutoka Tendi za Kale hadi Nchi ya Sotik

Utangulizi

Katika mwaka 1905 mambo mawili yalitokea katika nchi ya Wakalenjin, magharibi mwa Kenya, kwa tofauti ya miezi minne. Mwezi wa Juni kikosi cha Waingereza kilichoongozwa na Meja Pope-Hennessy kiliingia Sotik, katika nchi ya Wakipsigis, kikaua watu wanaokadiriwa kufika 1,850, wanawake na watoto wakiwa miongoni mwao. Tarehe 19 Oktoba ofisa mwingine wa serikali hiyo hiyo, Richard Meinertzhagen, alimpiga risasi Koitalel arap Samoei, kiongozi wa Wanandi, katika mkutano ulioitishwa kwa jina la amani. Leo Koitalel ni shujaa wa taifa. Habari zake zimo katika vitabu vya shule, na kaburi lake huko Nandi Hills limejengewa jengo la ukumbusho. Wale waliokufa Sotik hutajwa kwa hesabu. Hawatajwi kwa majina.

Tofauti hiyo haielezeki kwa kusema kwamba upande mmoja ulikuwa na ujasiri na upande mwingine haukuwa nao. Makala haya yanakusudia kueleza ni mambo gani humfanya mtu awe shujaa katika tendi na masimulizi ya kale, na mambo gani humfanya awe shujaa katika maisha ya siku hizi. Hoja kuu ni kwamba ushujaa una nguzo tatu. Ya kwanza ni tendo lililofanywa kwa ajili ya watu. Ya pili ni gharama ambayo mtendaji ameilipa mwenyewe. Ya tatu ni ulimi, yaani msimulizi aliye tayari kulibeba tendo hilo na hadhira iliyo tayari kulipokea. Wahakiki wengi wamezishughulikia nguzo mbili za kwanza. Mfano wa Sotik unaonyesha kuwa nguzo ya tatu ndiyo iamuayo nani akumbukwe, na kwamba ulimi nao una mapendeleo yake.

Mahali panapohusika

Ndanai ni sehemu ya Sotik, katika Kaunti ya Bomet. Haiko mbali na mipaka ambapo Wakipsigis hupakana na Wagusii upande mmoja na Wamaasai upande mwingine. Wenyeji wake wengi ni wakulima wadogo wa chai na mahindi na wafugaji wa ng'ombe wa maziwa. Kaskazini mwake yako mashamba makubwa ya chai ya Kericho, ambayo makampuni ya Kiingereza yaliyaanzisha katika miaka ya 1920.

Kwa sababu ya kukaa mpakani, watu wa sehemu hizi walipigana na majirani zao mara nyingi, wakaoana nao mara nyingi vilevile. Kabla ya ukoloni Wakipsigis walikuwa na vikosi vinne vya vita, navyo ni Kipkaige, Ngetunyo, Kebeni na Kasanet. Kijana aliyepita jandoni aliitwa muren, na wingi wake ni murenik; kazi yake ilikuwa kulinda mifugo na mipaka. Palikuwa pia na orkoiyot, mtu wa ukoo wa Talai, aliyetabiri mambo na kubariki vita. Orkoiyot hakuwa mfalme. Neno lake lilisikilizwa kwa kuwa liliaminika, na wapo waliolisikiliza kwa kuwa waliliogopa.

Kwa hiyo, nchi hii ilikuwa na kila kitu ambacho msomaji wa tendi angekitazamia: vita, mipaka, vijana wenye silaha na watabiri. Hata hivyo, Wakipsigis hawakuyafunga masimulizi yao ya vita katika utendi mrefu wenye vina na mizani kama ule wa pwani. Mwaka 1970 Ruth Finnegan, katika kitabu chake kuhusu fasihi simulizi ya Afrika, alitia shaka kama utendi ni utanzu wa kawaida barani humu. Mwaka 1979 Isidore Okpewho alijibu kwa kitabu kizima akionyesha kwamba tendi zipo, nazo zaonekana wazi mtu akiacha kuzipima kwa kipimo cha Wayunani peke yake. Mjadala huo ulikuwa na faida kubwa, lakini ulielekea zaidi kwenye umbo la utanzu. Swali linaloihusu Sotik ni jingine: jamii isiyokuwa na utendi mrefu humhifadhi vipi shujaa wake, na humpoteza vipi?

Shujaa wa pwani: Fumo Liyongo

Yafaa kuanza na shujaa anayejulikana zaidi kwa wasomaji wa Kiswahili. Habari za Fumo Liyongo zilisimuliwa kwa karne nyingi katika pwani ya kaskazini ya Kenya, na mwaka 1913 Muhamadi Kijumwa wa Lamu alizitunga kuwa utendi. Liyongo ana nguvu zisizo za kawaida, ni mpiga upinde hodari, na ni malenga. Mfalme wa Pate anamwogopa, anamtia gerezani, na kuazimia kumwua. Mama yake anampelekea tupa iliyofichwa ndani ya mkate wa wishwa kwa mkono wa mjakazi wao Saada. Nje ngoma inapigwa na watu wanaimba, na kelele hizo zinafunika sauti ya tupa inayokata minyororo. Liyongo anatoroka.

Mwili wake haudhuriki kwa silaha yoyote isipokuwa sindano ya shaba ikichomwa kitovuni. Siri hiyo anaijua yeye mwenyewe, na anamwambia mwanawe. Mwana amekwisha kuahidiwa cheo na mke na mfalme. Anamchoma baba yake akiwa usingizini. Liyongo anaamka, anashika upinde wake, anapiga goti karibu na kisima na kufa katika hali hiyo. Watu wanadhani yu hai, na kwa siku kadhaa hawathubutu kuteka maji.

Nguzo zote tatu zimo katika kisa hiki. Tendo la Liyongo ni kusimama dhidi ya mtawala mwonevu. Gharama ni uhai wake mwenyewe. Ulimi ni watu wa pwani waliozihifadhi habari zake na nyimbo anazosemekana kuzitunga, hata zikamfikia Kijumwa. Jambo la kutazamwa zaidi ni idadi ya watu wanaomwezesha shujaa huyu kuwa shujaa. Pasingekuwa na mama hapangekuwa na tupa. Pasingekuwa na Saada tupa isingefika. Pasingekuwa na waimbaji waliokuwa nje askari wangesikia. Wote hao wamo katika utendi, lakini utendi hauitwi kwa jina lao. Ndivyo tendi zilivyo: nguvu za wengi hukusanywa zikawekwa katika mwili wa mtu mmoja ili hadhira iweze kuzishika kwa akili.

Lwanda Magere na bibi harusi asiye na jina

Mfano wa pili uko karibu zaidi na Ndanai. Wajaluo wa Kano husimulia habari za Lwanda Magere, mpiganaji ambaye mwili wake ulikuwa jiwe. Mikuki na mishale haikumwingia. Adui zake walikuwa Lang'o, jina ambalo Wajaluo waliwaitia majirani zao Wakalenjin, yaani Wanandi na Wakipsigis. Lang'o waliposhindwa mara nyingi walimpa Magere binti yao awe mke wake. Siku moja Magere akawa mgonjwa, na mke wake mkubwa hakuwapo. Akamwagiza yule bibi mdogo amchanje chale, si mwilini bali katika kivuli chake, na kutia dawa. Bibi akaona damu inatoka katika kivuli. Usiku akatoroka kwenda kwao na kuitoa siri. Katika vita vilivyofuata mkuki ulichoma kivuli, Magere akaanguka na kugeuka jiwe.

Kisa hiki kinafanana na cha Liyongo kwa namna inayoshangaza. Katika vyote viwili mwili haushindiki, mna siri moja, na msiri wa ndani ya nyumba ndiye anayeitoa. Kinafanana pia na habari za Samsoni na Delila, na zile za Achilles wa Wayunani na kisigino chake. Wahenga wa Kiswahili walilisema jambo hilo kwa maneno machache: kikulacho ki nguoni mwako. Maana yake kwa uhakiki ni kwamba simulizi ya kishujaa humhitaji msaliti. Shujaa akishindwa kwa nguvu ametoweka, kwani kushindwa kwa nguvu kunaonyesha tu kwamba adui alikuwa na nguvu zaidi. Akishindwa kwa usaliti, ushujaa wake unabaki mzima, na aibu inamwangukia mwingine.

Lakini kisa cha Magere kina upande wa pili, ambao huonekana kikitazamwa kutoka milima ya Wakalenjin. Kwa Wajaluo bibi yule ni msaliti. Kwa Lang'o ni binti aliyeacha kwao, akaenda kuishi peke yake katika nyumba ya adui, akapata siri iliyowashinda wanaume wote wenye mikuki, akairudisha akiwa na hatari ya kuuawa njiani. Tendo lake lilifanywa kwa ajili ya watu wake. Gharama alijitwika mwenyewe. Nguzo mbili za kwanza zimetimia, na zimetimia barabara. Hata hivyo, katika masimulizi yanayojulikana sana hatajwi kwa jina. Anaitwa tu binti wa Lang'o. Simulizi ilibaki mikononi mwa walioshindwa, na walioshindwa ndio waliokuwa na jiwe la kuonyesha katika uwanda wa Kano.

Hapo ndipo nguzo ya tatu inapojidhihirisha. Binti huyu ametimiza masharti yote ya ushujaa isipokuwa lile la kuwa na msimulizi wa kwao.

Shujaa anayefunzwa

Kabla ya kuendelea, ni vema kuondoa dhana kwamba tendi za Afrika husifu nguvu peke yake. Katika utendi wa Mwindo wa Wanyanga wa Kongo ya Mashariki, uliosimuliwa na Candi Rureke mwaka 1956 na kuandikwa na Daniel Biebuyck, shujaa huzaliwa akiwa tayari anatembea na kunena, naye humshinda baba yake aliyetaka kumwua. Ushindi huo haumkamilishi. Baadaye Mwindo anaua joka ambalo ni rafiki wa Nkuba, bwana wa radi. Nkuba anamchukua mbinguni, anamtesa kwa baridi na jua kwa muda wa mwaka mmoja, na kumkataza kuua ovyo. Mwindo anarudi duniani akiwa mpole, anawapa watu wake sheria za kuishi pamoja, na hapo ndipo anapokuwa mtawala anayestahili.

Funzo la Mwindo ni kwamba nguvu ni malighafi ya ushujaa. Jamii ndiyo inayomfunza mwenye nguvu azitumie wapi na azizuie wapi. Kwa sababu hiyo mtu hodari anayejipigania mwenyewe huitwa jambazi au mbabe, haitwi shujaa.

Koitalel: historia inapoingia katika umbo la utendi

Koitalel arap Samoei alikuwa mwana wa Kimnyole arap Turukat, orkoiyot wa Wanandi aliyeuawa na watu wake mwenyewe mwaka 1890. Inasimuliwa kuwa Kimnyole alitabiri kuja kwa wageni weupe na nyoka wa chuma anayetema moshi. Baada ya kifo chake wanawe waligombania nafasi yake. Kipchomber arap Koilegen alishindwa, akahamia kwa Wakipsigis na kuwa orkoiyot wao. Koitalel alibaki kwa Wanandi, akaongoza upinzani wao dhidi ya Waingereza na dhidi ya reli iliyopita katika nchi yao na kufika ziwani mwaka 1901.

Upinzani huo ulidumu tangu mwaka 1895 hadi mwaka 1905. Meinertzhagen aliomba mkutano wa kufanya suluhu. Koitalel alikuja, akauawa pamoja na wenzake wapatao 23. Meinertzhagen alidai kwamba alivamiwa. Mabaraza matatu ya uchunguzi yalimwachilia, lakini aliondolewa katika nchi hiyo. Fimbo za Koitalel zilichukuliwa Uingereza, na zilirudishwa Kenya mwaka 2006.

Haya ni mambo ya historia, yenye tarehe na hati. Lakini yakitazamwa kwa jicho la fasihi, yana viungo vyote vya utendi. Upo utabiri unaotangulia. Upo ugomvi wa ndugu. Lipo joka, nalo ni reli. Upo uadui wa watu wawili wanaokutana ana kwa ana. Upo usaliti, na safari hii msaliti ni yule aliyenyosha mkono wa amani. Viko hata vitu vitakatifu vilivyoibwa na kurudishwa. Msimulizi hahitaji kutia chumvi. Mambo yenyewe yamekwisha kupangika kwa umbo ambalo masikio ya watu yalizoea kulipokea tangu zamani za Magere.

Hapana nia hapa ya kupunguza heshima ya Koitalel. Tendo lake na gharama yake ni dhahiri. Kinachoelezwa ni kwamba kifo chake kilipata ulimi upesi kwa kuwa kilifanana na vifo vya mashujaa waliotangulia.

Sotik: historia iliyokosa umbo

Sasa Sotik. Mwaka 1905 Wakipsigis wa Sotik waliteka ng'ombe wa Wamaasai. Serikali ya kikoloni iliwaamuru wawarudishe, wakakataa, na kikosi kikatumwa kuwaadhibu. Walioangamia, kama ilivyotajwa, walikadiriwa kuwa 1,850, na ng'ombe kwa maelfu walichukuliwa. Baadaye sehemu ya nchi hiyo ilitengwa kwa ajili ya masetla.

Msimulizi anayetaka kuligeuza tukio hili kuwa simulizi ya shujaa anakabiliwa na matatizo. Hakuna mtu mmoja wa kubeba habari yote. Hakuna siri iliyotolewa wala msaliti wa ndani. Chanzo chake ni wizi wa mifugo, jambo la kawaida katika vita vya mipakani wakati huo, lakini lisilopendeza kusimuliwa mbele ya watoto wa shule. Wengi wa waliokufa hawakuwa na silaha. Mwanamke aliyekimbia na mtoto mgongoni akampitisha mtoni akiwa hai alifanya tendo kwa ajili ya mwingine, na pengine aliligharimia kwa maisha yake. Lakini mambo kama hayo yalipotokea kwa siku moja katika nyumba nyingi, ulimi ulishindwa kuchagua, na uliposhindwa kuchagua ulihesabu.

Lipo na jambo la pili, nalo linatokana na utaratibu wa kumbukumbu wa Wakipsigis wenyewe. Kwao chombo kikuu cha kuhifadhi historia ni rika, liitwalo ibinda. Majina ya marika ni kama Maina, Chumo, Sawe, Kipkoimet, Kaplelach, Kimnyige na Nyongi, nayo huzunguka: rika likizeeka na kutoweka, baada ya miaka mia moja au zaidi jina lake huwarudia vijana wapya. Mzee anaposimulia vita huanza kwa kueleza ni rika gani lililokuwa na mikuki wakati huo. Vita vikubwa hukumbukwa pia kwa jina la mahali, kama vile vita vya Mogori, ambamo Wakipsigis walishindwa vibaya na Wagusii mwishoni mwa karne ya 19. Ushindi ni wa rika zima, na msiba ni wa rika zima.

Utaratibu huo una hekima yake. Unamzuia mtu mmoja kujitwalia sifa za wengi, jambo ambalo utendi wa pwani hulifanya bila kusita. Lakini una udhaifu pale unapokutana na dola ya kisasa. Dola huandika jina, tarehe na picha. Rika haliwezi kutiwa katika orodha ya mashujaa, wala haliwezi kujengewa kaburi. Kwa hiyo jamii iliyomkumbuka shujaa wake kwa wingi ilijikuta haina jina la kupeleka mji mkuu.

Mashujaa wa siku hizi

Katika maisha ya kisasa ushujaa umepata milango miwili mikubwa: sheria na vyombo vya habari.

Mlango wa sheria unaonekana wazi nchini Kenya. Katiba ya mwaka 2010 iliibadili Siku ya Kenyatta, inayoadhimishwa tarehe 20 Oktoba, iwe Siku ya Mashujaa. Kwa sadfa, siku hiyo hufuata mara tu ile aliyouawa Koitalel. Mwaka 2014 Bunge lilitunga Sheria ya Mashujaa, iliyounda baraza la kitaifa la kushughulikia kuteuliwa na kuheshimiwa kwa mashujaa. Mwaka 2023 sherehe za kitaifa za siku hiyo zilifanyika Kericho kwenyewe. Mabadiliko haya yana maana kubwa: heshima iliyokuwa ya mtu mmoja imefanywa kuwa ya wengi. Hata hivyo sheria, kama utendi, hutaka jina. Anayependekezwa hana budi kuwa mtu fulani aliyefanya jambo fulani.

Mlango wa vyombo vya habari ulifunguliwa kwa nchi ya chai na mwanariadha. Oktoba 1964, miezi kumi tu baada ya uhuru, Wilson Kiprugut arap Chumo, mzaliwa wa Kericho aliyekuwa jeshini, alipata nafasi ya tatu katika mbio za mita 800 huko Tokyo. Hiyo ilikuwa medali ya kwanza ya Kenya katika michezo ya Olimpiki. Miaka minne baadaye, Mexico City, alipata medali ya fedha katika mbio hizo hizo. Alifariki mwaka 2022.

Mwanariadha ndiye anayefanana zaidi na mashujaa wa tendi kwa mambo ya nje: mwili wenye uwezo usio wa kawaida, safari ya mbali, mashindano mbele ya macho ya watu, kurudi na tunu. Kinachokosekana ni kifo. Kiprugut hakumwaga damu ya mtu, wala hakuna jamii iliyookoka kwa sababu alishika nafasi ya tatu. Je, huu ni ushujaa au ni umahiri tu? Jibu linapatikana katika zile nguzo. Mwaka 1964 taifa jipya lilihitaji kuonekana mbele ya mataifa mengine, na kijana wa Kericho aliligharimia kwa mwili wake hitaji hilo. Kwa hiyo tendo lilikuwa la watu. Mkimbiaji anayefuata akikimbia kwa ajili ya fedha zake peke yake atakuwa bingwa, na ubingwa ni jambo zuri. Lakini neno shujaa litakuwa limetumiwa kwa ukarimu. Redio na magazeti hayatenganishi mambo hayo mawili, kwa kuwa yote mawili hujaza ukurasa vilevile.

Gharama inapolipwa na wengine

Tendi za kale zina kanuni moja ambayo maisha ya kisasa yameivunja: shujaa hulipa mwenyewe. Liyongo alipokufa gharama ilikwisha. Magere alipogeuka jiwe hakuna aliyewafukuza wajukuu wake. Chini ya ukoloni gharama ya mmoja ilitozwa ukoo mzima.

Mwaka 1914 serikali iliwahamisha Kipchomber arap Koilegen na ndugu zake wawili kutoka nchi ya Wakipsigis. Kipchomber alifia Fort Hall, yaani Murang'a, mwaka 1916. Mwana wa Koitalel, Barsirian arap Manyei, alikamatwa mwaka 1923, akakaa kizuizini kwa takriban miaka 40. Kisha mwaka 1934 ilitungwa sheria mahsusi ya kuwaondoa Talai wote wa Kericho. Watu karibu 700, wazee na watoto wakiwamo, walipelekwa Gwassi, karibu na Ziwa Victoria, mahali penye malaria na mbung'o. Walikaa huko hadi karibu na wakati wa uhuru.

Wapo Wakipsigis waliowaogopa orkoiik, na si kila jirani aliyewalilia walipoondoka. Ukweli huo hauondoi uzito wa jambo lenyewe. Mtoto aliyepelekwa Gwassi hakuwa ametabiri wala kubariki vita vyovyote. Aliadhibiwa kwa ushujaa wa babu yake. Mwaka 2021 wataalamu maalumu wa Umoja wa Mataifa walieleza wasiwasi wao juu ya madhila waliyotendewa Wakipsigis na Talai, na mwaka 2022 wawakilishi wao walipeleka malalamiko katika Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu. Hapa swali la nani akumbukwe linaacha kuwa swali la fasihi peke yake. Mdai huulizwa majina, mahali na siku. Simulizi ya mzee, iliyokuwa ikipokewa kama burudani ya jioni, inakuwa ushahidi.

Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba shujaa wa kale na shujaa wa sasa husimama juu ya nguzo zile zile: tendo kwa ajili ya watu, gharama anayoilipa mtendaji, na ulimi unaobeba habari. Kilichobadilika ni mwenye ulimi. Zamani alikuwa malenga, mzee wa rika au bibi mbele ya wajukuu. Sasa ni kamati, gazeti na kitabu cha shule. Wote hao, wa kale na wa sasa, hupenda mtu mmoja mwenye jina, adui anayeonekana, na usaliti mwishoni. Mambo yaliyokosa umbo hilo hudondoka njiani, hata yakiwa makubwa kama ya Sotik.

Wajibu wa wanafunzi wa fasihi simulizi unafuata kutokana na hayo. Hawatakiwi kumbuni shujaa wa Sotik ili alingane na Koitalel. Kufanya hivyo ni kuwadhulumu waliokufa mara ya pili. Wanatakiwa kukusanya habari kwa umbo ambalo wenyeji wenyewe walizihifadhi: rika gani lilikuwa na mikuki, mto gani ulivukwa, ukoo gani ulibaki na watu wangapi, nyumba gani ilipokea yatima. Katika majibu ya maswali hayo majina yatajitokeza yenyewe, na huenda mengi yakawa ya wanawake, kama yule binti wa Lang'o ambaye hakuna aliyeuliza aliitwa nani.

Kazi hii haiwezi kungoja. Mtoto aliyekuwa na umri wa miaka kumi mwaka 1905 alikuwa mzee wa miaka themanini mwaka 1975. Wajukuu waliomsikia akisimulia wakati huo ndio wazee wa leo katika Ndanai na vijiji jirani. Baada yao habari za Sotik zitabaki katika ripoti za maofisa walioongoza kikosi kile.